Washigi Wawili wa Mwambao wa Ziwa, na Jinsi ya Kuwatambua

Hakuna mkulima wa mpunga katika uwanda wa Kano asiyemjua kwelea. Mwezi wa Januari 2023 ilitangazwa ya kwamba kwelea wapatao milioni 6 walikuwa wameshukia mashamba ya mpunga ya Kisumu, na kwamba ekari 300 hivi zilikuwa zimekwisha kuharibiwa. Serikali ikanyunyiza sumu iitwayo fenthioni. Sumu hiyo huua kwelea, lakini haichagui: ndege mwingine akiwapo mahali pale aweza kufa pamoja nao. Basi kumjua ndege kwa hakika si mchezo wa watoto. Ni jambo la chakula, na tena ni jambo la haki kwa kiumbe asiye na kosa.

Kuna ndege wawili wadogo wa jamii ya washigi ambao, kwa sababu ya midomo yao myekundu, huweza kudhaniwa kuwa makinda ya kwelea. Wote wawili huonekana Kisumu na kandokando yake. Wote wawili hula hasa mbegu ndogo za majani zilizoanguka chini. Lakini hao si kwelea, wala wao kwa wao si ndege mmoja.

KUWATENGA NA KWELEA

Kwelea ni mkubwa zaidi, urefu wake kama sentimita 12; mdomo wake ni mnene na wenye nguvu, na mgongo wake una michirizi kama wa shomoro. Huruka kwa makundi makubwa yanayofanana na wingu la moshi, na hutua juu ya masuke. Mshigi ana urefu wa sentimita 10 hivi. Mgongo wake hauna michirizi, na kiunoni, pale juu ya mkia, ana manyoya mekundu. Huyo hatembei kwa maelfu. Huonekana wawili wawili, au wachache pamoja, wakidonoa ardhini penye njia, uani na pembeni mwa shamba.

MSHIGI MWENYE VITONE

Huyu ndiye anayejulikana zaidi. Jina lake la kitaalamu ni Lagonosticta senegala, naye huenea katika sehemu nyingi za Afrika kusini ya Jangwa la Sahara. Dume ni mwekundu kichwani, utosini, kooni na kidarini, na jicho lake limezungukwa na pete nyembamba ya manjano. Mbavuni mwa kidari ana vitone vichache vyeupe, vidogo sana kama vichwa vya pini. Jike ni wa rangi ya udongo. Wekundu wake u mbele ya jicho na kiunoni tu, na vitone vyake huonekana kidarini. Ndege huyu hawaogopi watu, na mara nyingi hujenga kiota chake cha majani karibu na nyumba, pengine hata katika paa la nyasi.

MSHIGI MWENYE MISTARI

Wa pili ni Lagonosticta rufopicta. Huyu naye ni mwekundu usoni, kooni na kidarini, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Lakini utosi wake na shingo yake kwa nyuma ni vya rangi ya udongo iliyochanganyika na kijivu, mfano wa mtu aliyevaa kofia kuukuu. Tena kidarini hana vitone vya mviringo: ana vistari vyembamba vyeupe vilivyokatikakatika, vinavyolala kwa upana. Dume na jike hufanana, kwa hiyo ukiona wawili pamoja, wote wenye uso mwekundu na kofia ya kijivu, shaka yako imepungua sana.

Huyu wa pili astahili kuangaliwa kwa sababu nyingine. Nchi yake huanzia Senegal, ikapita Afrika ya kati na Uganda, na kukomea magharibi ya Kenya. Katika Kenya yote hukaa sehemu za Kisumu, Siaya, Busia na jirani zake. Mkaaji wa Mombasa au wa Nyeri hawezi kumwona nyumbani kwake. Watu wa Ziwa wamewekewa amana ambayo wenzao hawanayo, na wengi wao hupita karibu nayo kila asubuhi bila kujua.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA

1. Utosi. Ukiwa mwekundu, ni dume mwenye vitone. Ukiwa wa kijivu na uso ni mwekundu, mtazame kidari.

2. Kidari. Vitone vya mviringo ni vya wa kwanza. Vistari vya kulala ni vya wa pili.

3. Mwenzi wake. Mwekundu akifuatana na wa rangi ya udongo, yaelekea ni wenye vitone. Wakifanana, yaelekea ni wenye mistari.

4. Umri. Kinda la mwenye vitone halina wekundu usoni wala vitone. Wekundu wake u kiunoni tu. Usilipe jina kwa haraka. Ngoja wazazi waje kulilisha, kisha uwatazame wao.

Asiyekuwa na darubini asikate tamaa. Ndege hawa huvumilia kutazamwa, na mtu akikaa kimya hatua chache kutoka penye mbegu zilizomwagika ataona yote hayo kwa macho yake.

Mkulima anayepeleka habari za kwelea kwa afisa wa kilimo na aeleze ukubwa wa ndege, wingi wao, na kama wanakula juu ya masuke au ardhini. Habari iliyo sahihi huleta msaada mahali panapotakiwa. Habari ya kubahatisha huweza kupeleka sumu pasipo na adui. Na mtoto mwenye manati aambiwe mapema: mwizi wa mpunga huja na jeshi, hawa wawili wanaookota mbegu mlangoni hawakuiba kitu.