Somo kwa wazazi: Tulijue darasa la mtoto wetu



Kila muhula unapoanza, baada ya ibada tunaulizwa maswali mengi juu ya shule. Lililo zito kuliko yote ni hili: “Mtoto wangu alikuwa darasa la nne kule Bukavu. Hapa Cyangugu wamemweka la pili. Je, amekuwa mjinga?” Mmoja wetu aliliuliza kwa hasira, akamzuia mwanawe nyumbani wiki mbili. Leo ndiye aliyetuhimiza tuandike somo hili, ili mwingine asipoteze wiki mbili kama yeye.

Jibu letu ni fupi: hapana. Mtoto amebadilishiwa lugha, lakini akili yake alivuka nayo Rusizi. Tuone jinsi darasa linavyoendeshwa, ndipo tutajua namna ya kumsaidia.

1. Madarasa na mwaka wa shule

Shule ya msingi ya Rwanda ina miaka 6, kuanzia P1 hadi P6, na mwisho wa P6 kuna mtihani wa taifa. Siku hizi mwaka wa shule huanza mwezi wa 9 na kuisha mwezi wa 7, katika mihula mitatu. Tangu Januari 2023 saa rasmi ya kuanza masomo ni saa mbili na nusu asubuhi. Lakini ziko shule ambazo kundi moja husoma asubuhi na jingine mchana. Uliza mwanao yuko kundi gani, usije ukamtuma shambani saa ya darasa.

2. Lugha

Kule kwetu mtoto alianza na Kiswahili, kisha Kifaransa kikashika nafasi. Hapa ilitangazwa Desemba 2019 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza tangu P1, na Kinyarwanda kiwe somo. Basi mwana wetu anakutana na lugha mbili kwa mara moja. Hata Warundi waliofika kambi ya Mahama mwaka 2015 walipewa kwanza masomo ya kujiandaa kabla ya kuingia shule za Rwanda, kwa kuwa walizoea Kirundi na Kifaransa.

Angalieni mfano huu. Mwalimu akitaja kwa Kiingereza herufi E, sikio letu linasikia “ii”. Mtoto aliyesoma Kifaransa anaandika I. Mwalimu akitaja G, tunasikia “jii”, naye anaandika J, maana kwa Kifaransa J hutajwa karibu hivyo. Kaye inarudi na alama nyekundu. Mzazi anaona makosa kumi, kumbe kosa ni moja tu, nalo ni la masikio. Atalizoea.

Tena hesabu. Kule aliitwa hodari kwa kusema “septante”. Hapa ataambiwa “seventy”, jirani atamwambia “mirongo irindwi”, na bibi nyumbani atasema “sabini”. Weka vifuniko vya chupa 70 juu ya mkeka: ni vile vile 70. Anayejua kuvihesabu na kuvigawa hajapoteza hesabu. Anahitaji jina jipya tu.

Na Kinyarwanda si mbali nasi. Umwana ni mwana, igitabo ni kitabu, amazi ni maji, na kwandika ni kuandika. Wale wetu wanaosema Kinyamulenge wako karibu zaidi. Mtoto anayesoma Kiswahili ameshajua siri kubwa, kwamba herufi hubeba sauti. Haanzi upya, anaongeza.

3. “Wanacheza tu!”

Hili tumelisikia mara nyingi. Sisi tulizoea mwalimu aandike ubaoni, sisi tunakili na kuitikia pamoja, na kaye iliyojaa ilikuwa ushahidi wa kazi. Mtaala ulioanza hapa mwaka 2016 unataka mtoto aweze kutenda anachojifunza. Kwa hiyo utawakuta wameketi makundi makundi, wakihesabu vijiti, wakiimba majina ya siku, mmoja akisimama kuwaeleza wenzake. Hilo ndilo somo lenyewe. Usimwulize mtoto, “Umeandika kurasa ngapi?” Mwulize, “Leo umeweza kufanya nini? Nionyeshe.”

4. Maisha ya pamoja

Darasa ni kama nyumba. Watoto hufagia, hupanga viti, na huwa na kiongozi wao, yule tuliyemwita sefu wa klasi. Mgeni ambaye hajajua lugha anaweza kushika ufagio siku ya kwanza, na wengi wamepata rafiki wa kwanza kwa njia hiyo.

Liko jambo dogo linaloumiza: nywele. Kwetu binti husukwa; hapa desturi ya shule ni wanafunzi kukata nywele fupi, wavulana na wasichana. Binti wa mmoja wetu alilia usiku mzima, akidhani ameadhibiwa. Mama yake akampeleka mlangoni pa shule, akamwonyesha wasichana wote. Ndipo akanyamaza. Mweleze binti mapema, usingoje aambiwe mbele ya darasa.

Kuhusu chakula cha mchana, mwaka 2022 serikali ilipanga mchango wa mzazi wa shule ya msingi ya serikali kuwa faranga 975 kwa muhula. Ukikosa, usimfiche mtoto nyumbani. Nenda mwenyewe ukaseme na mwalimu mkuu. Deni linalosemwa huwa na njia. Deni linalofichwa humtoa mtoto shuleni.

5. Kazi yetu wazazi

Kwanza, tuhudhurie mkutano wa wazazi. Wengi hukaa nyuma kwa haya ya lugha. Nenda na jirani anayejua Kinyarwanda, na uulize jambo moja tu: “Mwanangu anahitaji msaada wapi?” Kumbuka pia kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, huenda mwalimu akakujibu kwa lugha yako.

Pili, tusiache kusema na watoto lugha ya nyumbani. Wengine wameacha, wakidhani inachelewesha Kiingereza. Mtoto anayesimuliwa hadithi, anayetumwa kuhesabu viazi, anayeulizwa “kwa nini?” kwa Kiswahili au Mashi, huenda darasani na mawazo tayari. Maneno atayapata kule.

Tatu, tusimcheke mtoto aliyerudishwa darasa. Danieli na wenzake, watu wa uhamisho kama sisi, waliketi wakajifunza lugha na maandiko ya Wakaldayo. Walijifunza ya ugenini bila kumwacha Mungu wao. Someni Danieli sura ya 1 pamoja jioni moja.

Yule ndugu yetu wa wiki mbili alimrudisha mwanawe P2. Bado yuko nyuma kwa Kiingereza, lakini kwa hesabu wenzake humjia kuuliza. Baba yake naye amejifunza kuhesabu hadi mia kwa Kiingereza, akifundishwa na mtoto.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mwalimu wa mtoto wetu anaitwa nani, na tumeshamsalimu?
2. Ni neno gani la shule mtoto anaweza kutufundisha usiku huu?
3. Ni mtoto gani jirani ambaye haendi shule, na tunaweza kumsindikiza kesho?

Bwana awabariki, na awalinde watoto wetu njiani.