Aliye Mgonjwa ni Maji

*Shikamoo Bwana Mshauri. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Alipohitimu juzuu yake ya kwanza chuoni, baba yake alimwahidi zawadi, naye akataka samaki wa dhahabu. Tulimnunulia wawili, pamoja na bakuli la kioo la mviringo la lita 6. Mmoja amekwisha kufa. Huyu aliyesalia hukaa chini pembeni, amebana mapezi, kisha huja juu akihema kinywa wazi. Mimi sikuzembea: kila siku namwaga maji yote, naosha bakuli na changarawe kwa sabuni, natia maji mapya ya mfereji. Namlisha asubuhi, mchana na jioni. Jirani amenipa dawa ya unga anayowapa kuku wake, asema niitie majini. Mume wangu asema apewe paka, jambo liishe. Mtoto analia. Nifanyeje? — Mama Mwenye Wasiwasi, Tanga.*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba mdogo uliokufika. Nauita mdogo kwa kuwa samaki ni mdogo, si kwa kuwa machozi ya mtoto wa miaka 8 ni mepesi. Barua yako nimeisoma kwa makini, na kabla ya neno lolote jingine yafaa ujue kwamba hali unayoieleza, ya kubana mapezi, kujitenga pembeni na kuja juu kuhema, kwa samaki aliyenunuliwa karibuni aghalabu si maradhi ya samaki bali ni maradhi ya maji, na kwamba huruma uliyomfanyia kiumbe huyo, ijapokuwa ilitoka katika moyo safi, ndiyo iliyozidi kumdhoofisha. Lawama sikupi wewe. Aliyekuuzia samaki na bakuli kwa pamoja, akapokea fedha zake asikupe hata neno moja la mafunzo, ndiye aliyestahili kuandikiwa barua.

Samaki hula, na alaye hana budi kutoa taka, lakini sehemu kubwa ya taka ya samaki hutoka kwa njia ya matamvua na kuingia majini ikiwa ni amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, ambayo katika bwawa kubwa hupotea kwa wingi wa maji, ilhali katika lita 6 hujikusanya saa baada ya saa hata ikamchoma yule yule aliyeitoa. Hali yake ni ile ya mtu aliyefungiwa chumbani na jiko la makaa. Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo hilo bila ya dawa, kwani wako bakteria ambao makazi yao ni changarawe, kuta za hodhi na sponji ya chujio, na riziki yao ni taka hiyo hiyo: wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo huiharibu damu ya samaki isiweze kuchukua hewa, na wa pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa mpaka ipunguzwe kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hawaji pamoja na bakuli jipya. Huhitaji wiki 4 hadi 6, pengine zaidi, kuzaliana wakatosheleza kazi yao, na wewe kila siku uliposugua changarawe uliwafagilia mbali waliokuwa wameanza kuketi, kisha klorini iliyomo katika maji ya mfereji ikawamaliza waliobaki na kuyaunguza matamvua ya samaki, na mabaki ya sabuni yakaongeza madhara ambayo hayakuhitaji kuongezwa.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Samaki huyu asili yake ni China, ni jamaa ya karpu, na maji yanayomstarehesha ni ya nyuzi 18 hadi 23 hivi, ilhali maji yaliyowekwa chumbani Tanga wakati wa kaskazi hufika nyuzi 29 au 30 bila ya kupashwa moto na mtu. Maji yakizidi joto hupungukiwa na hewa: lita moja ya maji ya nyuzi 20 yaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na ya nyuzi 30 hubeba kiasi cha miligramu 7 na nusu tu, na wakati huo huo mwili wa samaki, kwa kupashwa joto, hudai oksijeni zaidi kuliko kawaida. Amonia nayo huzidi ukali kila maji yapatapo joto na kila yawapo na chokaa nyingi, kama yalivyo maji ya visima vyetu vingi vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe. Maji ya namna hiyo yenyewe hayamdhuru samaki wa dhahabu, maadamu hayana chumvi ya kupita kiasi, lakini humfanya asiweze kustahimili uchafu hata kidogo.

Na bakuli la mviringo, kwa hakika, ni pambo la meza lililojifanya nyumba. Wachina waliomfuga samaki huyu tangu enzi ya Song, yapata miaka 1000 iliyopita, walimweka kwanza mabwawani, na walipomwingiza nyumbani katika enzi ya Ming walimtafutia madiaba ya kauri yenye vinywa vipana, kwa kuwa hewa huingia majini kwa juu, na penye uso mwembamba huingia hewa nyembamba. Mwaka 2005 baraza la jiji la Roma lilipiga marufuku kufuga samaki katika mabakuli ya mviringo. Wako waliocheka, nami sikuwa miongoni mwao.

Sasa tuje kwenye kazi, na kazi ya kwanza ni ya leo hii kabla jua halijatua. Nyumba za mjini hazikosi ndoo ya maji ya akiba. Ikiwa iko iliyolala wazi tangu jana, toa theluthi ya maji ya bakuli kwa kikombe, urudishe ya ndoo hiyo polepole, ukihakikisha kwa mkono kwamba joto lake halipishani na la bakulini. Usimwage yote tena. Kisha nunua diaba la plastiki, pana, la lita 60 au zaidi, ambalo halijapata kuguswa na sabuni; la mabati usilitumie, maana zinki yake ni sumu kwa samaki. Lijaze maji ya mfereji, uliweke kivulini bila ya kifuniko kwa saa 24, ukilikoroga kila upitapo, klorini iruke. Uliza pia katika ofisi ya maji kama klorini yao huunganishwa na amonia, maana ya namna hiyo haitoki kwa kusubiri, na hapo itakubidi utafute sodiamu thaiosalfeti, ambayo wauzaji wa samaki wa mapambo huiuza katika vichupa kwa matone.

Kesho yake mteke samaki kwa kikombe pamoja na maji yake, umtie katika mfuko wa nailoni, uueleze mfuko juu ya maji ya diaba kwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha utie humo maji ya diaba kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa nyingine, na mwisho umwachie samaki atoke, ukiyamwaga nje maji ya mfuko. Changarawe zake mpelekee kama zilivyo. Ukiweza kupata pampu ndogo ya hewa na chujio la sponji, umepata nusu ya tiba. Umeme ukikatika, au fedha zikikosekana mwezi huu, teka maji ya diaba kwa kikombe na uyamimine kutoka juu mara kadhaa asubuhi, mchana na jioni, hewa ichanganyike. Funika kwa wavu, kwa sababu ya paka na kwa sababu samaki mwenye dhiki huruka. Mchana ukiwa mkali, chupa ya maji ya barafu iliyofungwa barabara yaweza kuelezwa juu ya maji ikapunguza joto, ila kwa utaratibu, kwani kushuka kwa ghafula kwamsumbua samaki kuliko joto lenyewe. Kila siku kwa majuma ya mwanzo toa robo ya maji, urudishe robo iliyolala wazi, na sponji uisuuze katika maji hayo uliyoyatoa, kamwe usiisuuze mferejini.

Chakula usimpe kabisa kwa siku 2. Najua agizo hilo litakuwa zito kwa mama, lakini samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula, na asichokila chote hugeuka kuwa amonia. Baadaye mpe mara moja kwa siku, kiasi atakachokimaliza kwa dakika 2, na siku moja moja umbadilishie kwa njegere iliyochemshwa na kumenywa.

Dawa ya kuku ya jirani mrudishie kwa shukrani. Ikiwa ni ya kuua bakteria, itawaua wale wale tunaowangojea, na kipimo chake hakijui jirani wala sikijui mimi. Chumvi ya mawe isiyotiwa kitu yatosha: gramu 1 kwa kila lita, yaani kwa lita 60 vijiko 10 vya chai visivyorundikwa, iyeyushwe kwanza katika jagi na kutiwa kwa mafungu matatu katika muda wa siku moja. Chumvi hupunguza madhara ya nitriti, na kwa kuwa haigeuki mvuke, uongezapo maji tia ya robo uliyoitoa tu. Maji ya bahari, ambayo mwanao yamkini atapendekeza, hayafai hata tone. Yakitokea madoa meupe yenye ukubwa wa punje ya chumvi mwilini na mapezini, hayo ni maradhi ya kweli, nawe pandisha chumvi polepole kwa siku 2 mpaka gramu 3 kwa lita na uishikilie hapo siku 10. Akivimba na magamba yakasimama, matumaini ni haba. Hapo usimwachie paka, bali tia matone ya mafuta ya karafuu katika chupa ya maji ya vuguvugu, uitikise mpaka yageuke meupe, uyamimine taratibu katika chombo kidogo alimo samaki. Atalala kwanza, kisha uongeze, na umwache humo nusu saa baada ya matamvua kukoma.

Kuhusu mumeo, usishindane naye. Mwambie tu kwamba samaki huyu, akitunzwa, huishi miaka 10 hadi 20, na kwamba alikuwako mmoja Uingereza aliyepatikana kama zawadi katika maonyesho mwaka 1956 akafa mwaka 1999 akiwa na miaka 43, hivyo si muhali kiumbe anayetaka kumpa paka akahudhuria harusi ya mwanawe. Mtoto naye mweleze ukweli juu ya yule aliyekufa, umkabidhi kazi ya kulisha mbele ya macho yako, na akidai mwenzi wa samaki wake, mjibu kuwa ni baada ya wiki 6, na katika hodhi kubwa zaidi, kwa kuwa samaki huyu hukua kufikia urefu wa sentimita 20 na kupita.

Niandikie tena juma lijalo. Nieleze maji yana nyuzi ngapi mchana, diaba lina lita ngapi, na kila siku umetoa kiasi gani. Rangi ya samaki na jina alilopewa si lazima.