Uuguzi wa Maradhi ya Akili katika Mwambao wa Ujiji

Ubongo ni kiungo cha mwili, nao huweza kuugua kama yauguavyo mapafu au ini. Hata hivyo maradhi ya akili hutofautiana na maradhi mengi kwa jambo moja kubwa. Mara nyingi mgonjwa hatambui kwamba anaugua, na watu wanaomzunguka huyaona matendo yake kabla ya kuuona ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo matibabu ya akili hayamaliziki kwa kuandikiwa dawa. Makala haya yanaeleza kazi ya muuguzi katika maradhi hayo kwa kutumia mfano wa Ujiji, mji mkongwe ulio kando ya Ziwa Tanganyika, ambako watu wengi huishi kwa uvuvi, kilimo na biashara ndogo ndogo.

Kutoka hospitali ya mbali hadi zahanati ya karibu

Utunzaji wa wagonjwa wa akili katika hospitali una historia ndefu nchini Tanzania. Kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 kikawapokea wagonjwa wa akili. Mwaka 1927 ilifunguliwa hospitali ya Dodoma, ijulikanayo leo kwa jina la Mirembe.

Kwa mkazi wa Ujiji, Dodoma ilikuwa mbali. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini kutoka Kigoma hadi Dodoma ni safari ya kilomita zipatazo 800. Mgonjwa aliyesafirishwa huko hakuweza kutembelewa na ndugu zake kwa urahisi. Alipopata nafuu na kurudishwa nyumbani, alirudi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumfuatilia. Dawa zilipokwisha, ugonjwa uliweza kurudi.

Mkutano wa Alma Ata wa mwaka 1978 ulisisitiza kwamba huduma za msingi za afya ziwafikie watu mahali wanapoishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilifanya majaribio ya kuingiza huduma za akili katika zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Msingi wa mpango huo ulikuwa rahisi: aliye karibu na mgonjwa ndiye awezaye kumtunza kwa muda mrefu. Mara nyingi mtu huyo ni muuguzi.

Hatua ya kwanza: kuuchunguza mwili

Si kila anayeweweseka ana ugonjwa wa akili. Malaria ikifika ubongoni huweza kumfanya mtu aseme ovyo, apigane na ndugu zake au apoteze fahamu. Homa ya matumbo, upungufu wa sukari katika damu na kuacha ghafla pombe iliyozoeleka huweza kufanya vivyo hivyo. Malale, ugonjwa uenezwao na mbung'o ambao umewahi kuusumbua mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi, hubadili tabia ya mtu na kumlaza mchana unapoingia katika ubongo.

Muuguzi hujiuliza maswali matatu. Je, hali hii imeanza kwa saa au siku chache tu? Je, mgonjwa ana homa? Je, fahamu zake huja na kupotea, asijue alipo wala siku ya leo? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa swali moja, mwili uchunguzwe kwanza na damu ipimwe bila kuchelewa. Mtu mwenye malaria ya ubongo akifungwa kamba na kuitwa kichaa aweza kufa kwa ugonjwa unaotibika.

Maradhi yanayokutwa mara kwa mara

Sonona ni huzuni nzito inayodumu kwa wiki mbili au zaidi. Mgonjwa hukosa usingizi na hamu ya kula, huchoka, hujiona hana thamani, na pengine hulalamika tu kwamba kichwa na mwili vinamuuma. Maradhi ya wasiwasi huleta hofu isiyo na sababu ya kutosha, pamoja na mapigo ya moyo ya haraka na jasho. Skizofrenia humfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kushika imani zisizoondoka kwa hoja. Katika ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, mgonjwa hupitia vipindi vya sonona na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi, ambapo halali, husema bila kukoma na hutapanya mali.

Dawa na tatizo la wakati

Mwaka 1952 matabibu wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kwamba dawa iitwayo klopromazini hutuliza sauti na imani za uongo. Chembe za neva hupelekeana habari kwa kutumia kemikali, na mojawapo ni dopamini. Klopromazini huziba sehemu zinazoipokea dopamini, hivyo habari zilizozidi hupungua nguvu. Mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, klopromazini ilikuwamo.

Hapa ndipo penye fumbo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulielewa. Faida ya dawa za akili huchelewa, bali usumbufu wake huwahi. Mtu aanzaye dawa ya sonona huweza kuhisi kinywa kikavu na kizunguzungu siku ya kwanza, lakini huzuni yake haianzi kupungua vizuri mpaka zipite wiki mbili hadi nne. Akiacha dawa, mambo hugeuka: usumbufu huondoka mapema, wakati ugonjwa huchukua wiki au miezi kabla ya kurudi. Kwa hiyo mgonjwa huona kwamba dawa ilimdhuru na kuiacha kulimponya. Hesabu yake si ya kijinga; ni hesabu iliyofanywa kwa siku chache mno.

Muuguzi ndiye anayeziba pengo hilo la wakati. Humweleza mgonjwa mapema nini kitatokea wiki hii na nini kitatokea mwezi ujao. Kwa mfano, dawa za aina ya klopromazini na haloperidoli huweza kukakamaza shingo na kupindua macho. Familia isiyoambiwa itadhani ni pepo au uchawi, na dawa itatupwa. Familia iliyoambiwa itamrudisha mgonjwa zahanati, ambako hali hiyo hutibiwa kwa urahisi.

Mfano wa mvuvi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya somo. Kijana mmoja wa Ujiji mwenye skizofrenia amepata nafuu na kurudi katika uvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Kijana ameandikiwa klopromazini jioni, nayo humletea usingizi. Akiimeza, hawezi kufanya kazi chomboni. Asipokwenda kuvua, nyumbani hakuna chakula. Kwa hiyo huiacha, na baada ya miezi miwili sauti zinarudi. Ndugu wanasema ni mkaidi.

Muuguzi mzuri huanza kwa kuuliza kazi ya mgonjwa. Akijua ni mvuvi, huona hatari tatu. Ya kwanza ni usingizi na kizunguzungu cha kusimama ghafla, ambacho chomboni chaweza kumtumbukiza mtu majini. Ya pili ni jua: klopromazini huifanya ngozi iungue upesi, na dagaa huanikwa mchangani juani. Ya tatu ni kukesha, kwani kukosa usingizi mfululizo kwaweza kuuamsha ugonjwa.

Muuguzi habadilishi dawa peke yake, bali humpelekea tabibu habari hizo. Tabibu aweza kusogeza saa ya kumeza dawa hadi asubuhi, mvuvi arudipo kulala, au kuchagua dawa isiyolaza sana. Aweza pia kutumia sindano ya flufenazini dekanoeti, ambayo hudumu mwilini kwa wiki mbili hadi nne. Wakati wa mwezi mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, hivyo vyombo hupumzika kwa siku kadhaa. Mwezi hupevuka kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Kwa mgonjwa anayepewa sindano mara moja kwa mwezi, siku za mwezi mpevu zaweza kuwa siku zake za kliniki, na hatahitaji kalenda nyingine.

Familia na jamaa

Wagonjwa wengi hupelekwa kwanza kwa shehe au kwa mganga wa jadi. Muuguzi akiwadhihaki, atampoteza mgonjwa. Ni heri amwambie mama wa mgonjwa kwa heshima: "Mama, dua iendelee, na dawa isikatwe." Jambo asilolikubali ni minyororo, vipigo na kunyimwa chakula. Haki za mgonjwa zinalindwa pia na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Kila mgonjwa mwenye sonona aulizwe waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Akikiri, asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kwa mkazi wa Ujiji, Hospitali ya Maweni iko Kigoma mjini, umbali wa kilomita chache tu.

Hitimisho

Kwa mgonjwa wa akili, muda baada ya nafuu ni wa hatari kama muda wa ugonjwa wenyewe. Dawa hufanya kazi katika ubongo, lakini humezwa na mtu mwenye kazi, njaa, familia na hofu zake. Muuguzi anayeyajua hayo humzuia mgonjwa asirudi katika ugonjwa, na humwepusha na safari ya kilomita 800.

Maswali

1. Taja hali tatu za mwili zinazoweza kufanana na ugonjwa wa akili.
2. Eleza kwa nini mgonjwa aachaye dawa hujiona amepona.
3. Chagua kazi moja ifanywayo katika kijiji chako. Eleza jinsi kazi hiyo inavyoweza kumzuia mgonjwa kutumia dawa, na muuguzi afanye nini.