Somo: Likizo ya Mfanyakazi wa Mapatano

Ndugu mfanyakazi, sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inampa mwajiriwa siku 18 za likizo yenye malipo kila mwaka. Ndugu yetu anayefanya kazi kwa mapatano yake mwenyewe, leo kupakia kreti, kesho kubeba mchanga, hana wa kumlipa akilala. Likizo yake ataijenga mwenyewe.

Tazama wavuvi wa sambaza hapa Rubona. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Kivu hufungwa kama miezi miwili ili samaki wazaane. Mvuvi anaijua tarehe. Mgongo wako haukupi tarehe.

Tufanye hesabu. Tuseme unapata faranga 2,000 kwa siku, siku 24 kwa mwezi: 48,000. Lakini nyumba inakula siku zote 30, si 24. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Ikila 1,200 kwa siku, ni 36,000. Zinabaki 12,000. Mapumziko ya miezi miwili yanataka 72,000, yaani miezi sita ya kuweka bila kugusa. Ongeza bima ya Mutuelle, daftari za watoto na msiba, hesabu minane.

Fedha hizo zikae SACCO ya umurenge. Ejo Heza, iliyoanza 2018, ni akiba ya uzeeni. Usiitegemee kwa jambo hili. Katika ikimina, omba zamu yako iangukie mwezi unaoanza kupumzika. Lakini mchango utaendelea kudaiwa hata ukiwa umelala nyumbani, basi nao uutenge kabla ya kuaga.