Suala la Picha ya Mimba

Katika darsa yetu ya hapa Kona ya Musa tuliulizwa suala ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja. Muulizaji alisikia kwamba baadhi ya majimbo ya Marekani yaliweka sheria ya kumpiga mwanamke picha ya altrasaundi kabla ya kutolewa mimba. Ile ya Texas ya mwaka 2011 ilimpa ruhusa ya kutoitazama picha, lakini maelezo ya tabibu, ila kwa wachache, ilikuwa lazima ayasikilize. (Tangu 2022 utoaji wenyewe umekatazwa huko isipokuwa kwa dharura.) Akauliza: je, nasi tuitake sheria kama hii?

Sharia yetu hailichukulii jambo hili kwa wepesi. Aya ya 31 ya Sura ya Al-Israa yakataza kuwaua watoto kwa kuchelea ufukara. Hadithi ya Ibn Mas'ud yataja arobaini tatu kabla ya kupuliziwa roho, nazo ni siku 120. Baada ya hapo wanavyuoni waliharimisha, ila mama akihofiwa kufa. Kabla ya hapo wamekhitalifiana: Imam Ghazali, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliiona ni jinai tangu mwanzo, nayo huzidi uzito kila hatua, baadhi ya Mahanafi walilegeza. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1990, lilikubali kabla ya siku 120 endapo matabibu mabingwa wamehakikisha kilema kizito kisichotibika, na wazazi wakataka.

Basi picha ina kazi kubwa, nayo ni kujua siku. Siku zetu 120 huanza mimba inapotunga. Matabibu huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kiasi cha majuma mawili nyuma. Kwa hivyo mpaka wetu ni kama majuma 19 katika kadi ya kliniki, wala si 17, na wengi wetu hukosea hapa. Picha ya miezi mitatu ya mwanzo hukosea siku chache tu. Ikicheleweshwa, kosa huzidi. Tena huonyesha mimba iliyotunga nje ya kizazi, ambayo yaweza kumwua mama.

Lakini kumjulisha tabibu ni jambo moja, na kumtia mwanamke hofu ni jengine. Kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya 2010 chategemea rai ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pale uhai au afya ya mama ikiwa hatarini; picha haikutajwa. Na habari za kulazimisha si ngeni pwani. Msichana wa Kilifi, aliyekwenda kutibiwa mwaka 2019, alieleza mahakamani kuwa polisi walimlazimisha kupimwa mwili. Mahakama Kuu ya Malindi ilimpa haki mwaka 2022. Hukumu hiyo ikapelekwa Mahakama ya Rufaa. Vyovyote iwavyo, binti wa Msambweni asikiaye habari hizo hataacha kutoa mimba. Ataacha kwenda kwa tabibu, atafute dawa ya kificho.

Kwa hivyo jibu letu lilikuwa: picha ndiyo, kulazimisha siyo. Akauliza tena: na akitaka mwenyewe kuiona? Hapo hatuoni ubaya wowote; aonyeshwe, na aelezwe kwa upole. Suala la nani amlipie maskini gharama ya picha, na kama zaka yaingia humo, tutalileta katika darsa ijayo, Inshallah.