SOMO LA KUMI NA MBILI: MADIRISHA NA MAPAZIA

Dirisha lina kazi mbili kubwa: kuingiza mwanga na kubadilisha hewa. Watu wanapolala katika chumba kilichofungwa, hewa ya humo huwa nzito na yenye unyevu. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa humo, vijidudu vya ugonjwa huo huelea hewani. Hewa safi inapoingia, vijidudu hivyo hupungua.

Lakini dirisha lililo wazi huingiza pia vitu tusivyovitaka, kama vile jua kali, vumbi na mbu. Kwa hiyo dirisha huhitaji kifuniko. Je, tuchague kifuniko cha namna gani? Tufanye majaribio mawili.

Jaribio la kwanza: Rangi na joto

Vifaa: makopo mawili yanayolingana, maji, kitambaa cheusi, kitambaa cheupe na kipimajoto.

1. Funga kopo moja kwa kitambaa cheusi, na la pili kwa kitambaa cheupe. Vitambaa viwe vya unene mmoja.
2. Tia maji ya kiasi kimoja katika kila kopo.
3. Yaweke makopo juani kwa muda wa saa moja.
4. Pima joto la maji ya kila kopo. Kama huna kipimajoto, tumbukiza kidole.

Maji ya kopo lipi yana joto zaidi? Utaona kuwa ni ya kopo lenye kitambaa cheusi. Rangi nyeusi hunyonya joto la jua, na rangi nyeupe hulirudisha. Hivyo, pazia la rangi nyeupe au nyingine hafifu hulifaa dirisha linalopigwa na jua.

Jaribio la pili: Pazia na upepo

Siku yenye upepo, ning'iniza ukanda mwembamba wa karatasi ndani ya chumba, karibu na dirisha lililo wazi. Tazama jinsi unavyopepea. Sasa tundika kanga dirishani, kisha iondoe na utundike blanketi. Ukanda umepepea zaidi wakati gani? Kitambaa kizito huzuia upepo kuliko kitambaa chepesi. Ondoa blanketi, kisha fungua mlango au dirisha la upande wa pili. Utaona upepo ukizidi, kwa kuwa hewa imepata pa kuingilia na pa kutokea.

Wavu wa dirishani

Pazia halitoshi kuzuia mbu. Mwaka 1897, daktari Ronald Ross aligundua huko India kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu. Mwaka 1900, madaktari wawili, Luigi Sambon na George Low, walikwenda kukaa karibu na Ostia, nchini Italia, mahali palipojulikana kwa malaria. Walikaa katika kibanda chenye wavu katika madirisha na milango. Mchana walitembea nje kama watu wengine. Kabla ya jua kuchwa waliingia ndani, na hawakutoka mpaka kulipopambazuka. Hawakumeza dawa ya kuzuia malaria, wala hawakuugua.

Kwa nini walijifungia usiku? Mbu aina ya anofelesi, anayeeneza malaria, huuma hasa usiku.

Matundu ya wavu yasizidi upana wa milimita 1.5. Tundu likipasuka, lizibwe mara moja. Kumbuka pia kwamba mbu huingia kwa urahisi katika nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Kwa hiyo, hata nyumba yenye wavu madirishani, watu walale ndani ya chandarua.

Kuchagua kifuniko

Mahali penye joto, kama Dar es Salaam, wavu na pazia jepesi la rangi hafifu hufaa. Dirisha la magharibi hupigwa na jua la alasiri. Lifunike wakati huo, kisha ulifungue jioni ili upepo upite.

Mahali penye baridi, kama Njombe, pazia zito husaidia kuhifadhi joto usiku. Mchana livutwe kando ili jua liingie.

Hadhari! Usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala ili kupata joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kabonimonoksaidi. Hewa hiyo huweza kuwaua watu waliolala. Tena, usiweke mshumaa wala kibatari karibu na pazia, kwa sababu upepo waweza kulipeperusha hadi kwenye moto.

Mapazia hushika vumbi. Yafuliwe mara kwa mara na kuanikwa juani.

Maswali

1. Taja kazi mbili za dirisha.
2. Kwa nini makopo yote mawili yalitiwa maji ya kiasi kimoja?
3. Sambon na Low waliingia kibandani wakati gani? Kwa nini?
4. Juma ameweka wavu madirishani na ameacha kutumia chandarua. Mshauri.
5. Chunguza madirisha ya darasa lako. Ni yapi hupigwa na jua la asubuhi, na ni yapi hupigwa na la alasiri? Chora picha uonyeshe pia upepo unapoingilia na unapotokea.