Kuoana na Shemeji Baada ya Mauti: Kanisa Linasemaje?



Siku ya arusi yenu mliahidiana uaminifu hadi kufa. Ni wachache miongoni mwenu waliowahi kuketi jioni, watoto wakisha kulala, wakaulizana: na kifo kikija, je? Wengi huona ni mkosi kulitaja jambo hilo. Lakini msipolizungumza ninyi, wengine watalizungumza kwa niaba yenu. Mara nyingi udongo wa kaburi haujakauka, na wazee wa ukoo wamekwisha kukutana kuamua mjane atakuwa wa nani.

Basi tulitazame swali lenyewe. Je, mwanamke aliyefiwa na mumewe aweza kuolewa na ndugu ya marehemu? Na mwanamume aliyefiwa na mkewe aweza kumwoa dada ya marehemu? Uliza nje ya kanisa baada ya Misa, nawe utapata majibu matatu. Mzee mmoja atakuambia ni mwiko na ni dhambi. Mwingine atakuambia ni wajibu, na anayekataa ameudharau ukoo. Kijana atacheka na kusema ni aibu.

Jibu la Kanisa huwashangaza wote watatu. Katika Sheria za Kanisa la Kilatini zinazotumika leo, ushemeji peke yake si kizuizi cha ndoa. Kanuni ya 1092 inabatilisha ndoa kati ya mtu na wale walio juu au chini ya mwenzake katika mstari mmoja, yaani wazazi wake na watoto wake. Huwezi kumwoa mama mkwe wako wala mtoto wako wa kambo, hata baada ya kifo cha mwenzako. Lakini ndugu na dada za marehemu hawamo katika katazo hilo.

Yule mzee anayesema ni dhambi hakulitunga jambo hilo. Alifundishwa hivyo. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilihesabu ushemeji kuwa kizuizi, na aliyetaka kumwoa shemeji wa marehemu mwenzake ilimbidi aombe kwanza kuondolewa kizuizi hicho. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria mpya zilipoanza kutumika tarehe 27 Novemba 1983. Katekista aliyesoma kabla ya hapo, na wapo bado, huenda akaendelea kufundisha alichokipokea. Hata zamani hizo kizuizi hiki kiliweza kuondolewa. Papa Julius wa Pili alimruhusu Henry wa Uingereza amwoe Catherine, mjane wa kaka yake Arthur, nao wakaoana mwaka 1509. Ugomvi uliofuata baadaye, Henry alipotaka ndoa hiyo itangazwe kuwa batili, tunaujua.

Na Biblia? Wengine hukimbilia kitabu cha Walawi, sura ya 18 na ya 20, inapokatazwa kumtwaa mke wa ndugu. Wengine hukimbilia Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, ambapo ndugu ya marehemu aliyekufa bila mwana anaamriwa kumtwaa mjane ili jina la marehemu lisifutike. Soma mlango huo hadi mwisho. Ndugu aliweza kukataa mbele ya wazee, akavuliwa kiatu na kuaibishwa, lakini hakushurutishwa kuoa. Yohane Mbatizaji naye alimkemea Herode juu ya Herodia, ila yule ndugu ya Herode alikuwa hai. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa tufike penye uzito. Ikiwa ushemeji si kizuizi, mbona Kanisa linapinga desturi ya kurithi wajane? Hapa ndipo wengi wetu tunapochanganya mambo mawili yasiyo sawa.

Chukua desturi ya tero kwa ndugu zetu Wajaluo. Mjane huitwa chi liel, maana yake mke wa kaburi. Mwanamume anayemrithi, jater, hatoi mahari kwa ajili yake, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Kwa desturi, basi, ndoa ya marehemu haijaisha. Jater anaiendeleza tu. Padre Michael Kirwen, mmisionari wa Maryknoll, alichapisha kitabu juu ya wajane wa Afrika mwaka 1979 baada ya kuichunguza desturi hii katika jamii nne za mashambani. Alieleza kwamba wenyeji hawaioni kuwa ndoa mpya, akataka Kanisa lilitafakari upya suala hilo. Tusiibeze nia ya wazee wetu. Walitaka mjane asifukuzwe shambani na watoto wasikose mlinzi.

Lakini Kanisa linafundisha kwamba kifungo cha ndoa huisha kwa kifo. Mtakatifu Paulo anasema wazi, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, kwamba mwanamke aliyefiwa yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Mjane si mke wa kaburi. Ni mtu huru. Kwa hiyo shemeji anayemtaka hana budi kumtaka kwa ajili yake mwenyewe, amwoe kuwa mke wake yeye, wala si mke wa kaka yake. Na kama tayari ana mke, hawezi. Kanuni ya 1085 haimruhusu mwenye ndoa kufunga nyingine. Wengi wa warithi wana wake zao nyumbani, na hapo ndipo jambo zima hukwama. Ushemeji hauna neno. Ni yule mke wa kwanza, ambaye mara nyingi hakuna aliyemwuliza.

Sharti la pili ni hiari. Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa kutoka nje ni batili. Fikiria mjane mwenye watoto wanne. Anaambiwa kwamba asipokubali, watoto watapatwa na chira, nyumba yake haitajengwa, na shamba litarudi kwa ukoo. Akisema ndiyo, amesema nini? Serikali nayo imelitambua hilo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haiwataji ndugu za marehemu miongoni mwa jamaa wa mwenzi wasioweza kuolewa, ila inadai hiari ya wote wawili na umri wa miaka 18. Na Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inahesabu kurithiwa kwa lazima, pamoja na kile kinachoitwa kutakaswa kwa mjane, kuwa ni ukatili. Anayetishwa aweza kwenda kwa chifu, polisi au mahakamani.

Naomba niseme neno kwa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mjane akirithiwa, sisi ni wepesi wa kumnyoshea kidole asipofika Komunyo. Mabati ya nyumba yake yalipong'olewa, tulikuwa wapi? Tulikula matanga, tukaimba, tukaenda zetu. Mtakatifu Yakobo aliandika kwamba dini safi ni kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Jumuiya inayolima shamba la mjane msimu mmoja na kulipa karo ya muhula mmoja imempa nafasi ya kusema hapana. Aliyekwisha kurithiwa naye asikate tamaa. Amwone paroko, aeleze hali yake yote, na asaidiwe kutafuta njia ya kujitenga bila kupoteza makao yake.

Upande wa mwanamume aliyefiwa na mke una shida zake, ingawa hauzungumzwi sana. Dada ya marehemu huja kulea watoto wiki mbili, zikawa miezi sita. Watoto walikuwa wakimwita mama mdogo hata kabla ya msiba, na jina hilo huwafanya watu wazima waone kama mambo yamejipanga yenyewe. Hayajajipanga. Huenda msichana ana mchumba wake, au bado yumo shuleni na wazazi wamemtuma kuziba pengo. Huenda baba huyo anamtafuta marehemu katika sura ya dada yake. Ni vizuri msichana arudi kwao kwa muda, shangazi au nyanya ashike watoto, na wote wawili wapate kuona kama wanapendana au wamezoeana tu. Kuishi pamoja nyumba moja kwanza na kutafuta baraka baadaye si mpango. Na wanakijiji wataanza kuulizana kama jambo lilianza marehemu akiwa hai. Swali hilo ni chungu, lakini wenyewe wajiulize kabla ya kuulizwa.

Wakikubaliana kwa uhuru, waende kwa paroko kama wachumba wengine wowote. Watahitaji cheti cha kifo cha marehemu na hati zao za ubatizo. Paroko atazungumza na kila mmoja peke yake, na matangazo yatasomwa. Tungewasihi wapime damu pia, hasa pale ambapo chanzo cha kifo hakikusemwa waziwazi. Watoto wakubwa waambiwe na baba au mama yao mwenyewe kabla hawajasikia matangazo. Kijana wa miaka 15 anayejua habari hii kanisani, mbele ya watu, hatasahau.

Nanyi ambao Mungu bado amewaweka pamoja, mnaweza kuanza leo. Mume, mwambie mkeo mbele ya kaka zako kwamba ukitangulia yuko huru: kukaa peke yake, kuolewa na mwingine, au na mmoja wao asiye na mke akimpenda kwa hiari. Neno la marehemu lina nguvu kwa wazee kuliko barua ya padre. Mke, usimwachie mdogo wako kazi ya kuolewa na mumeo kwa kumwapisha ukiwa kitandani hospitalini. Mwombe awe shangazi mwema kwa watoto wako, inatosha. Andikeni pia wosia. Mke hagawiwi humo pamoja na ng'ombe, ila shamba, nyumba na akiba viandikwe ni vya nani. Wosia wa maandishi hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, na ni heri wasiwe wale watakaorithi, maana sheria yaweza kuwanyima sehemu yao.